Chapa tatu, dawa moja: kisa cha mgonjwa wa thairoidi aliyebadilishiwa vidonge

Alifungua mfuko, akapanga maboksi matatu mbele yangu. La kwanza lilikuwa tupu, la pili lilibaki na vidonge vichache, la tatu lilikuwa limefunguliwa juzi. Yote matatu yameandikwa levothairoksini, dawa ya tezi ya thairoidi. "Hii niliishi nayo miaka sita," alisema akiligusa lile tupu. "Hii iliniwasha mwili mzima. Na hii inanimaliza polepole." Kisha akauliza: "Dokta, kama dawa ni ile ile, mbona mwili wangu unakataa?"

Mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa kila anayefika dirishani huniita dokta. Nilikuwa na majibu mawili mepesi mdomoni. La kwanza: dada, dawa ni moja, hayo ni mawazo tu. La pili: kweli, hiyo ya pili haifai, itafute ile ya kwanza. Ningetoa lolote kati ya hayo kwa dakika moja na foleni ingesogea. Kisa kilipofumuliwa kilikuwa na nyuzi nne zilizosokotana, na mbili kati ya hizo hazikuhusu chapa hata kidogo.

Ameniruhusu nikiandike, mradi asitambulike. Ni mwalimu, ana miaka 43 na uzito wa kilo 62. Tezi yake ya thairoidi, iliyoko shingoni, imeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, ugonjwa unaoitwa Hashimoto, na kwa miaka sita alimeza mikrogramu 100 kila usiku kabla ya kulala. Hiyo ndiyo dozi unayotarajia: mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi tena huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. TSH yake, ile homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ifanye kazi na ambayo hupanda tezi inapozembea, ilikaa kati ya 1.2 na 2.1 miaka yote hiyo. Hakuwa na la kulalamikia. Kisha chapa yake ikaadimika, akapewa nyingine.

Nilimwomba asianze na anavyojisikia. Nilitaka tarehe. Alikuwa nazo, maana siku hizi kila mtu anabeba shajara bila kujua: ujumbe aliomtumia dada yake, picha za ngozi yake, karatasi za maabara alizozikunja mkobani. Tukaziunganisha.

Siku ya kwanza alimeza kidonge cha njano cha chapa ya pili, mikrogramu 100. Siku ya tatu shingo na mikono vikatoka mabaka mekundu yanayowasha, na usiku huo moyo ukaenda mbio mpaka akaketi kitandani. Siku ya tano kikaja kiungulia. Akanunua vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, akawa anatafuna viwili asubuhi na viwili usiku, pamoja na dawa yake. Wiki ya 3 alipimwa TSH, ikawa 2.9, akaambiwa kila kitu kiko sawa. Wiki ya 7 alikuwa hoi: baridi mifupani, choo kigumu, usingizi wa mchana. TSH ikasoma 8.6. Daktari akapandisha dozi hadi mikrogramu 125, na duka la dawa likampa chapa ya tatu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Mabaka yakaisha ndani ya siku mbili. Uchovu haukuisha. Wiki ya 10 nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, akanunua vitamini za nywele. Wiki ya 14 TSH ikashuka hadi 0.02 na T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe damuni, ikapita kiwango cha juu. Kwa karatasi hiyo mtu huyu alikuwa amezidishiwa dawa, na daktari akafanya linalofanywa: akashusha dozi hadi 75. Wiki ya 20 TSH bado 0.05, akashusha tena hadi 50. Wiki ya 22 alisimama mbele yangu uso umevimba, sauti nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nilipomshika mkono kuhesabu mapigo ya moyo, yalikuwa 54 kwa dakika.

Hapo ndipo nilipokwama. Aliyezidishiwa homoni ya thairoidi hutetemeka, hutoa jasho, moyo wake hukimbia. Huyu moyo wake ulikuwa unatembea kwa miguu. Karatasi ilisema amejaa, mwili ulisema ameishiwa. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa anadanganya, na sikuona sababu ya kuushuku mwili kwanza.

Saa ya dawa hii ni wiki

Kabla ya kufika huko lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo kisa hiki hakifumuki. Levothairoksini ni nakala ya T4, homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, na mwili huitumia bila haraka. Kiasi kilichomo damuni hupungua nusu kwa takriban siku 7. Ukiacha kumeza leo, wiki ijayo bado una nusu. Ukibadilisha dozi leo, hali mpya haitulii kabla ya wiki tano au sita, ndiyo maana TSH hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya mabadiliko. 

Sasa rudi kwenye siku ya tatu. Siku hiyo karibu robo tatu ya homoni iliyokuwa damuni ilikuwa bado imetoka kwenye boksi la zamani. Tuseme chapa ya pili ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza kwa asilimia 10, na hiyo ni kuidhania mabaya. Kufikia siku ya tatu, kiwango cha damuni kingekuwa kimepanda kwa asilimia mbili na nusu hivi. Hakuna moyo unaokimbizwa na asilimia mbili na nusu. Kwa hiyo mabaka na mapigo ya siku ya tatu, vyovyote vilivyokuwa, havikuletwa na homoni kuzidi wala kupungua.

Huu ndio mstari niliouchora katikati ya karatasi yake. Juu yake nikaweka yale yaliyotokea ndani ya siku chache: hayo yanaweza kutoka kwenye vijazio vya kidonge (vitu visivyo dawa vilivyomo ndani yake), au hofu, au bahati mbaya ya wakati. Chini yake nikaweka yaliyokuja baada ya wiki tatu na kuendelea: hayo yanaweza kuwa ni kiasi cha homoni kinachofika damuni, kwa sababu yoyote ile. Wagonjwa wengi niliowasikia wakisema "chapa hii hainipatani" huchanganya makundi hayo mawili. Wataalamu nao huyachanganya, ila wao huyakanusha yote kwa mkupuo.

Kidonge chenyewe

Mikrogramu 100 ni kiasi ambacho usingekiona ukikimwaga mezani. Kidonge unachokiona ni vitu vingine: laktosi (sukari ya maziwa) au manitoli, wanga, selulosi, vitu vya kukifanya kishikane na vya kukifanya kivunjike tumboni, na rangi. Rangi ina kazi ya maana, kwa sababu dozi za dawa hii ni nyingi na zinakaribiana, na rangi huzuia mtu kumeza 125 akidhani ni 100. Lakini ni kemikali, na wapo wachache ambao ngozi yao haiitaki.

Mwenyewe alikuwa ameshahukumu laktosi. Nikatoa karatasi za ndani ya maboksi tukazisoma pamoja. Chapa ya kwanza, ile aliyoishi nayo kwa amani, ilikuwa na laktosi. Ya pili pia. Na kwa kawaida laktosi ya kidonge kimoja haifiki hata gramu moja, wakati glasi ya maziwa ina kama gramu 12. Mshtakiwa akaachiwa huru. Kilichobaki kwenye ya pili na hakikuwepo kwenye zile nyingine mbili kilikuwa rangi ya njano.

Watengenezaji wengi hukiacha kidonge cha mikrogramu 50 kikiwa cheupe, bila rangi yoyote. Si wote, kwa hiyo lazima usome karatasi, lakini chapa ya pili ilikuwa hivyo. Maana yake ni kwamba jaribio lilikuwa limeshaandaliwa na kiwanda chenyewe: vidonge viwili vyeupe vya 50 ni dawa ile ile, laktosi ile ile, mashine zile zile, dozi ile ile ya 100, tofauti ni rangi tu. Mabaka yakirudi, rangi haina hatia. Yasiporudi, tumempata. Jaribio hilo tuliliahirisha. Kwanza ilibidi tujue kwa nini mgonjwa anapoa.

Dawa za kuponya dawa

Nilipouliza kama anatumia dawa nyingine alisema hapana. Nilipomwambia anionyeshe kila kitu anachoweka mdomoni ambacho si chakula, akatoa vitu viwili zaidi kutoka mfuko ule ule. Hakuvihesabu kuwa dawa kwa sababu hakuandikiwa na mtu. Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza swali langu kwa namna ya kwanza.

Cha kwanza kilikuwa vidonge vya kiungulia. Ni kalsiamu kaboneti, na kalsiamu huishika levothairoksini tumboni kabla haijafyonzwa, zikatoka pamoja. Madini ya chuma hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana husemwa kupite saa 4 kati ya vitu hivyo na dawa hii. Yeye alikuwa anavitafuna na kumeza dawa juu yake, usiku baada ya usiku, tangu siku ya tano. TSH ya 2.9 wiki ya 3 haikuwa "sawa". Ilikuwa imeshika njia ya kupanda, imekamatwa kabla haijafika. Ya wiki ya 7 ndiyo iliyofika. Hapo chapa ya pili ililaumiwa kwa udhaifu ambao haukuwa wake, na ya tatu ikarithi lawama hiyo hiyo kwa sababu kalsiamu ilihamia nayo. Kiungulia kilishaisha, lakini mazoea yalibaki.

Cha pili kilikuwa vitamini za nywele. Nikageuza chupa: bayotini, mikrogramu 10,000 kwa siku. Mtu mzima huhitaji takriban 30. Bayotini ya kiasi hicho haidhuru tezi wala haigusi dawa. Inaharibu kipimo. Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini kama gundi ya kunasa kile zinachokitafuta; damu ikijaa bayotini ya nje, gundi hiyo hushindwa kunasa, na kwa jinsi vipimo hivi vilivyoundwa TSH husomeka chini ya ukweli na T4 huru husomeka juu yake. Picha inayotoka ni ile ile ya mtu aliyezidishiwa homoni. Yaani ile 0.02 ya wiki ya 14 haituambii chochote kuhusu mwili wake, na 0.05 ya wiki ya 20 vivyo hivyo. Daktari alishushiwa pazia machoni na chupa iliyonunuliwa kwa ajili ya nywele, nazo nywele zilidondoka kwa sababu dawa ilikuwa haifyonzwi.

Tazama mfuatano ulivyo. Rangi ikaleta mwasho, mwasho na wasiwasi vikaleta usiku mbaya na tumbo bovu, tumbo likaleta kalsiamu, kalsiamu ikashusha homoni, homoni ikaangusha nywele, nywele zikaleta bayotini, bayotini ikadanganya maabara, maabara ikashusha dozi. Kila hatua ilikuwa ya busara kwa aliyeichukua. Na ukimuuliza yeye, lote hilo lina jina moja tu: chapa.

Nilimwandikia daktari wake barua fupi. Bayotini ikaachwa kwa wiki nzima (siku mbili kwa kawaida zinatosha, lakini kwa dozi kubwa hivyo sikutaka ubishi), kipimo kikarudiwa. TSH ilikuwa 31.

Tulipoanza upya

Daktari alirudisha mikrogramu 100, chapa ya tatu hiyo hiyo, usiku, baada ya kupita saa tatu au zaidi tangu chakula kama alivyokuwa akifanya zamani. Kalsiamu ikaondoka. Alipima pia ugonjwa wa siliaki, ambao unaweza kuzuia ufyonzwaji, akakuta hana. Mimi nikaangalia tarehe za mwisho za matumizi na mahali anapotunza vidonge, kwa kuwa dawa hii haipendi joto, unyevu wala mwanga, palikuwa salama. Sharti letu likawa moja na gumu: hakuna kubadilisha kitu chochote kwa wiki sita, na kikibadilishwa, kibadilishwe kimoja.

Wiki sita ni ndefu kwa mtu anayejisikia vibaya. Wiki ya pili alinipigia simu akitaka chapa ya nne. Nilimwambia hapana, nikakaa na wasiwasi wangu mwenyewe. Wiki ya sita TSH ilikuwa 4.4, wiki ya 12 ikawa 2.7. Uso ulishuka, sauti ikarudi. Chapa ya tatu, ile iliyokuwa "inammaliza polepole", ilikuwa inamtunza vizuri tu.

Miezi mitatu baadaye chapa hiyo nayo ikakosekana, na kilichokuwepo rafuni ni ile ya pili, ya njano. Alikunja uso. Nikamweleza habari ya vidonge vyeupe vya 50. Daktari wake aliafiki kwa sababu mara ile tatizo lilikuwa ngozi peke yake. Angekuwa amevimba midomo, uso au koo, au kupata shida ya kupumua, tusingethubutu kumrudishia chapa hiyo kwa rangi yoyote. Akameza viwili kila usiku. Siku ya tatu ikapita. Wiki ikapita. Hakuna baka, hakuna kiungulia, na moyo ukalala naye. Baada ya wiki nane TSH ilikuwa 2.2.

Ningeishia hapo. Yeye ndiye hakuridhika. Alitaka kujua kama kweli ni rangi au ni yeye, na kwa ruhusa ya daktari akameza kimoja cha njano kilichobaki kwenye lile boksi la pili. Kesho yake akanitumia picha ya shingo.

Mapigo ya moyo

Nimeuacha uzi wa nne kwa makusudi, kwa sababu ndio unaozungumzwa vibaya zaidi. Moyo wake ulikimbia usiku wa siku ya tatu ya mara ya kwanza. Haukukimbia na vidonge vyeupe vya chapa ile ile, wala baada ya kile kimoja cha njano, ingawa mwasho ulirudi. Hesabu ya homoni tumeshaifanya, haimo. Nilipomdadisi alikumbuka kwamba jioni ile mwenzake kazini alimwambia chapa hiyo ni feki na kwamba ililipua moyo wa ndugu yake. Akaenda kulala na maneno hayo, mwili unamuwasha, giza limetanda. Mimi nadhani moyo wangu pia ungekimbia.

Hali hii ina jina, nosebo: kutarajia ubaya kunaleta ubaya unaohisika kweli. Mfano mkubwa kwa dawa hii hii ulitokea New Zealand. Mwaka 2007 vijazio vya chapa ya Eltroxin vilibadilishwa, sura ya kidonge nayo ikabadilika, na watumiaji walikuwa kama 70,000. Katika miaka 30 iliyotangulia ripoti za madhara zilikuwa 14 tu. Katika miezi 18 baada ya mabadiliko zilizidi 1,400, na sehemu kubwa ilipanda pale vyombo vya habari vilipoivalia njuga habari hiyo. Wengi husoma takwimu hizo wakacheka. Mimi naona watu walioamka siku moja wakakuta dawa ya maisha yao imebadilishwa sura bila mtu kuwaeleza. Anayesema "ni mawazo tu" anadhani amemaliza mjadala, wakati hofu hiyo imepandwa na mtu, na ingeweza kung'olewa mapema kwa maelezo ya dakika mbili dirishani.

Na nosebo isitumike kufagia kila kitu. Ufaransa, mwezi Machi 2017, chapa ya Levothyrox iliyokuwa ikimezwa na takriban watu milioni 3 ilibadilishwa: laktosi ikatolewa, manitoli na asidi ya sitriki zikaingia, lengo likiwa dawa idumu vizuri zaidi rafuni. Ripoti za madhara zikapita 30,000, na ilipofika Oktoba mwaka huo serikali ikaagiza akiba ya fomula ya zamani kutoka nje. Utafiti wa kuonyesha kwamba fomula mbili ni sawa ulikuwa umefanywa kwa watu 204 wenye afya, na kwa wastani zilikuwa sawa kweli. Lakini takwimu hizo zilipochambuliwa upya mwaka 2019 mtu mmoja mmoja, zaidi ya nusu ya watu walitoka nje ya mpaka wa usawa, mmoja juu, mwingine chini, wakifutana kwenye wastani. Wapinzani walijibu kwa haki kwamba hata mtu huyo huyo akimeza fomula ile ile mara mbili, vipimo vyake havifanani. Hoja zote mbili nazikubali. Wastani haumezi dawa, na mwili haukai mahali pamoja.

Sasa, tofauti ya kweli ya chapa kwa chapa ni kubwa kiasi gani? Marekani, tangu sheria ilipokazwa mwaka 2007, kidonge cha levothairoksini lazima kibaki kati ya asilimia 95 na 105 ya kilichoandikwa mpaka kinapoisha muda wake; kabla ya hapo ilikuwa 90 hadi 110. Hata ndani ya mpaka huo mpya, kutoka kidonge chenye 96 kwenda chenye 104 ni kuruka asilimia nane. Kwa T4 ni kidogo, lakini TSH ni kikuza sauti: T4 ikipungua nusu, TSH inaweza kupanda mara mia. Kwa hiyo mtu nyeti, mjamzito, au aliyeondolewa tezi kwa sababu ya saratani na TSH yake inashikwa chini makusudi, ana haki ya kupimwa tena akibadilishiwa chapa. Kwa wengine wengi, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 kwa wagonjwa zaidi ya 15,000 wa dawa jenerika (nakala zisizouzwa kwa jina la chapa) haukuona kwamba kuhama kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine kulivuruga TSH kuliko kubaki.

Nilipomweleza hayo mwalimu wangu aliniuliza kama tafiti hizo hazilipiwi na wenye viwanda. Swali zuri, na lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni iliyokuwa ikimiliki Synthroid ililipia utafiti wa Betty Dong, mfamasia wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ikitumaini kuonyesha kwamba chapa yake ni bora. Kwa wanawake 22 akakuta Synthroid na wapinzani wake watatu ni sawa. Kampuni ikazuia matokeo, na yalichapishwa mwaka 1997 baada ya vuta nikuvute ndefu. Kwa hiyo ndiyo, wapo walionufaika watu wakiamini chapa hazibadilishani, kama walivyopo wanaonufaika watu wakiamini zote ni mamoja.

Uingereza, mamlaka ya dawa ilitoa mwongozo mwezi Mei 2021 ninaoupenda kwa unyenyekevu wake: mgonjwa akieleza dalili zisizoisha baada ya kubadilishiwa chapa, apimwe, kisha aandikiwe daima chapa inayomkubali, na dalili zikiendelea hata hapo afikiriwe dawa ya maji. Hawakumtaka mgonjwa athibitishe kwanza kwamba si kichaa.

Alipofikia sasa

Chapa ya kwanza ilirudi madukani miezi michache iliyopita. Nilimwambia ukweli: na vidonge viwili vyeupe vya chapa ya pili TSH yake ni 2.2, hana dalili, na kila kuhama kunamaanisha wiki nyingine sita za kusubiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba boksi lake la zamani. Baada ya wiki nane TSH ilikuwa 1.7. Nikamweleza kwamba kutoka 2.2 hadi 1.7 si kitu, mtu yule yule anaweza kupata namba zote mbili ndani ya juma moja.

"Wewe hesabu, dokta," alisema. "Mimi ndiye ninayelala."

Sikubishana naye. Kwenye faili lake nimeandika kwa wino mwekundu: akikosa chapa yake, apewe vidonge viwili vya 50 visivyo na rangi, karatasi ya ndani isomwe kwanza, TSH baada ya wiki 6. Chini yake yeye mwenyewe ameongeza kwa mkono wake: "Na aulizwe kuhusu nywele."